Mwana Tumfunze Ufundi Upi?

Kila mwaka, matokeo ya mitihani ya sekondari yatokapo, wazazi hutujia baada ya sala ya alasiri na swali moja: "Sheikh, kijana hakupata alama za chuo kikuu. Nataka nimtie katika ufundi. Ni ufundi upi wenye pesa?"

Swali hili si baya, lakini limekuja kichwa chini miguu juu. Kwanza, ufundi umefanywa kimbilio la aliyeanguka. Kijana aingia warshani akiwa amekwisha ambiwa na nyumba nzima kuwa ameshindwa, na mtu aliyeambiwa hivyo hajifunzi vyema hata kushika nyundo. Pili, pesa haikai katika jina la kazi. Katika mtaa mmoja twawaona mafundi bomba wawili. Mmoja hupatikani naye ila umwage siku nyingi mbele, na wa pili ashinda barazani akingoja simu ilie. Kazi yao ni moja. Basi katika somo hili twapenda kumwonyesha mzazi, na kijana mwenyewe khasa, mambo ambayo yafaa kupimwa kabla ya kuuliza habari ya pesa.

Tuiondoe njiani dharau kwanza, maana haiwezekani kuchagua vizuri kitu unachokionea haya.

Wazee wetu hawakudharau kila kazi ya mkono. Fundi wa majahazi wa Matondoni, mchonga milango wa Lamu, sonara, mshona kofia: hawa walikuwa watu wenye hishima zao, na ujuzi wao ulirithiwa nyumbani mithili ya shamba la minazi. Kilichodharauliwa ni kazi ya jasho, kubeba na kuchimba na kuchoma tanuri, na sababu yake twaijua ingawa hatupendi kuitaja. Kazi hizo walifanyishwa watumwa. Sheria ya kuufuta utumwa katika mwambao huu wa Kenya ilitoka mwaka 1907. Watumwa wakawa huru, lakini ile dharau ya kazi haikufutwa na sheria yoyote. Ilibaki majumbani mwetu, ikavaa kanzu safi ikaenda kutafuta kiti cha karani. Na leo, kijana wa mjini aweza kukaa miaka mitatu bila kazi akingoja ofisi, na asionekane na aibu. Lakini akionekana ana saruji miguuni, shangazi zake huulizana kulikoni.

Waliotutangulia waliliona tatizo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1940 kiliasisiwa hapa Mombasa chuo cha ufundi kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki, kile ambacho wazee bado wakiita MIOME. Walichangia Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa wa Kibohora na serikali ya wakati huo, na wanafunzi wa kwanza wakaingia mwaka 1951. Baada ya uhuru kikafunguliwa kwa watu wote. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Twaifurahia daraja hiyo. Lakini twasema pia kuwa chuo kipandapo daraja watu hukifuata kwa shahada, na lile benchi la kazi, lenye jiriwa na tupa, halina budi kutafutiwa mahali pengine.

Na kwa wale wanaodhani kuwa ufundi na ilimu haviketi katika kichwa kimoja, nawaulize jina la al-Qaffal al-Marwazi, ambaye sisi Mashafi twamsikia mara kwa mara darasani. Maana ya al-Qaffal ni mtengeneza kufuli. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake, na alikuwa hodari mno, hata alipofika umri wa kama miaka thelathini ndipo akaanza kusoma fiqhi. Alikufa mwaka 417 wa Hijria akiwa imamu katika madhehebu. Al-Khassaf wa madhehebu ya Hanafi alikula kwa kushona viatu. Jina la al-Jassas latokana na jasi, ile ipakwayo ukutani. Na Imamu Ghazali katika Ihya ameuhisabu ushonaji na ufumaji katika fardhi za kifaya, yaani kazi ambazo mji mzima wapata dhambi ukikosa mtu wa kuzifanya. Haya yatosha. Tuingie katika kupima.

Pimo letu la kwanza ni hili: je, kitu kinachotokana na kazi hii chaweza kuletwa na meli?

Kama chaweza, basi kijana wako hashindani na fundi wa mtaa wa pili. Ashindana na viwanda vya dunia nzima. Tazama habari ya ushonaji. Soko lilipofunguliwa miaka ya 1990 na mitumba ikafurika, cherehani nyingi zilizokuwa zikilia barazani toka asubuhi hadi magharibi zilinyamaza. Mshonaji hakuwa amepungukiwa na ujuzi. Shati lililoletwa na meli lilikuwa rahisi kuliko kitambaa chake kabla hajakikata. Wako walioendelea kula kwa sindano, lakini ukiwachunguza utaona kuwa wengi wameshika kazi inayotaka mwili wa mtu uwepo, au nyumba ya mtu: nguo za arusi, mabuibui ya kupimwa, mapazia, sare za shule iliyo jirani. Shati hushonwa Uchina, lakini bwana arusi hapelekwi Uchina kupimwa kanzu.

Upande wa pili, nyumba haipakiwi melini ikatengenezwe ng'ambo. Bomba lililopasuka Kibokoni litazibwa Kibokoni. Kwa hiyo kazi za kutengeneza, kufunga na kukarabati vitu visivyohama zina ukuta wa kuzilinda ambao kazi za kuunda vitu vya dukani hazina. Hatusemi kijana asifunzwe kuunda. Twasema ajue ni bahari ipi aingia.

Pimo la pili: kazi hii yalishwa na vinywa vingapi? Kwa miaka mingi Mombasa ilikuwa na gereji, maduka ya vipuri, wachomeleaji na wazibaji wa magurudumu ambao wote waliishi kwa malori ya mizigo ya bandarini. Reli ya SGR ikafunguliwa mwaka 2017, mizigo ikaanza kupandishwa gari moshi, na watu wakaona gereji zikipunguza mafundi. Mwaka 2022 serikali ikatangaza kuirudisha shughuli ya kutoa mizigo bandarini Mombasa. Huenda na rudi hiyo ya siasa si kosa la fundi, wala hana uwezo juu yake. Lakini fundi aliyejua malori tu aliumia kwa kila neno lililosemwa Nairobi, na aliyejua injini ya dizeli kwa jumla, ya mashua, ya jenereta, ya trekta, aligeuka upande mwingine akala. Kwa hiyo mtu akisema, "Mwanangu asoma ufundi wa magari," twauliza: asoma gari, au asoma injini? Na siku hizi twaongeza: je, amefunzwa umeme wa gari na mashine ya kusoma hitilafu? Maana pikipiki na tuktuk za umeme zimekwisha ingia barabarani, na hizo hazina kabureta ya kusafisha.

Mfano mzuri wa kugeuka tumeupata Lamu. Mtepe, ile merikebu iliyoshonwa kwa kamba bila msumari, ulitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Jahazi la mbao halijatoweka, ila mbao zimekuwa adimu na ghali, na mashua za faiba zaingia kwa wingi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na fundi Ali Skanda waliteremsha majini jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa fukoni na mitaani, liitwalo Flipflopi, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Hatumshauri kila kijana akaunde majahazi ya plastiki. Tunalotaka lionekane ni kuwa wale mafundi hawakuwa wamejifunza mti peke yake. Walikuwa wamejifunza umbo la chombo na jinsi maji yanavyokibeba, na ujuzi huo ukahamia katika kitu ambacho babu zao hawakukijua.

Sasa tuje katika kazi mbili ambazo twaziona zimepuuzwa hapa pwani, na twaomba radhi kwa msomaji tukirefusha.

Ya kwanza ni uashi wa chokaa. Nyumba zetu za kale, za Mji wa Kale wa Mombasa na za Lamu, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, na boriti za mikoko. (Ndiyo maana vyumba vyake ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti, kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu.) Ukuta wa namna hii wapumua. Unyevu hupanda kutoka chini pamoja na chumvi, ukafika usoni mwa ukuta ukakauka, na chokaa, kwa kuwa ni laini, huuachia njia. Sasa mwenye nyumba aona lipu imechakaa. Amwita fundi, na fundi aliyefunzwa saruji tu hupaka saruji, maana hajui kingine. Mwaka wa kwanza ukuta wang'aa. Kisha unyevu uliozuiwa hutafuta njia ya juu zaidi, chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, na lipu ikianguka hushuka na uso wa jiwe. Ncha za boriti zilizomo ndani ya ukuta uliolowa huoza bila kuonekana. Mwenye nyumba akalaumu nyumba kuwa ni kuukuu, na nyumba haikuwa na kosa.

Ujuzi wa kuitia maji chokaa iliyochomwa, kuiacha ikaiva, kuichanganya na mchanga usio na chumvi, kuipaka kwa tabaka nyembamba na kuilowesha isikauke kwa ghafula, huo ni ujuzi wa kufunzwa kwa mkono, na wazee walionao waondoka mmoja mmoja. Na kazi ipo. Mji wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, na Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011. Mahali kama hapo hapatengenezwi ovyo, na wenye nyumba za watalii wazidi kutambua tafauti. Kijana mwenye subira akikaa miaka mitatu na mzee wa chokaa, kisha akaongeza ujuzi wa zege wa kisasa, atakuwa katika watu wachache sana. Na katika zege pia bahari ina neno lake: mchanga wa pwani wenye chumvi huila nondo, nondo ikishika kutu hufura, na dari ikapasuka ikamwaga vipande. Fundi anayeujua ugonjwa huu hapa pwani hakosi mgonjwa.

Ya pili ni ufundi wa baridi: mafriji, majokofu ya samaki, viyoyozi vya mahoteli na misikiti. Joto letu halihami, na hewa ya chumvi huzila zile mashine za nje upesi kuliko bara. Lakini kazi hii imejaa watu waliojifunza jambo moja tu, nalo ni kujaza gesi. Msomaji nashike neno hili, litamfaa hata asipokuwa fundi: gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli. Yazunguka ndani ya mabomba ikarudi. Ikiwa imepungua, basi pana tundu, na fundi ajazaye bila kulitafuta tundu amekuuzia miezi michache, kisha atarudi akuuzie tena. Isitoshe, ile gesi ya zamani ya R-22 yaondolewa duniani kwa Mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi kama zetu zimewekewa muda wa kukaribia kuimaliza ifikapo 2030. Katika gesi zinazochukua nafasi yake zimo zinazoshika moto, kama R-290, ambayo asili yake ni propeni. Fundi wa kubahatisha aweza kujiunguza yeye na nyumba ya watu. Fundi aliyesoma, akawa na pampu ya kutoa hewa, vipimo vyake na mzani wa gesi, kazi yake yaanza sasa.

Umeme tutausema kwa ufupi. Ni kazi njema na yahitajika kila nyumba, ila ni kazi yenye mlango wa sheria. Kufunga nyaya za nyumba kwataka leseni ya EPRA, na kufunga mitambo ya umeme wa jua kumewekewa kanuni zake tangu 2012. Asiye na leseni atafanya kazi maisha yake yote chini ya kivuli cha mwenye nayo, na huyo ndiye atakayetia sahihi na kuchukua fungu kubwa. Kabla ya hayo, kijana napimwe macho. Wako wanaume, na ni wengi kuliko wanawake, wasiotenga vyema rangi nyekundu na kijani au kahawia, na wengine hawajijui. Waya zatambulikana kwa rangi: kahawia kwenye moto, buluu ya kurudi, kijani na manjano ya ardhini, na katika nyumba za zamani, nyekundu na nyeusi. Heri kuyajua haya kwa daktari kuliko kuyajua juu ya ngazi.

Hili latupeleka kwenye mwili na tabia, ambako wazazi hawatazami kabisa. Mchomeleaji asiyevaa kinga huchoma macho yake. Seremala hula vumbi. Fundi bomba hufanya kazi amekunjamana, na kiuno hudai haki yake baada ya miaka ishirini. Kuna kijana mtulivu, wa kukaa na kitu kimoja saa nne akikichunguza kwa koleo ndogo. Huyo mpeleke kwenye simu, saa na mitambo ya elektroniki. Kuna asiyetulia, apendaye kupanda na kuongea na watu. Ukimfungia katika chumba cha kulehemu vitu vidogo umemdhulumu. Njia ya kujua ni nyepesi. Wakati wa likizo mweke mwezi mmoja kwa fundi, bila ahadi yoyote. Usimwulize kama amependa. Mwulize fundi: kazi ilipokuwa ya kuchosha, ya kupiga msasa toka asubuhi, alifanya nini?

Na mabinti? Tumeulizwa na tutajibu. Cherehani ni kazi njema, lakini si kila binti ameumbiwa sindano. Kutengeneza simu na kompyuta, kufunga umeme wa jua na kuutunza, haya hayataki misuli. Tena wako akina mama wengi ambao simu yao yenye picha za nyumbani hawapendi kumkabidhi kijana wa dukani, na friji ikiharibika mchana hungoja hadi bwana arudi ili fundi mwanamume aingie. Haja ipo, nayo ni ya sitara. Ajabu ni kuwa hatujaitazama.

Baada ya kuchagua kazi pana jambo zito zaidi, nalo ni kumchagua fundi. Zamani mwanagenzi alikabidhiwa kwa fundi mbele ya wazee, na siku ya kuhitimu wazazi walimpa fundi kilemba. Ada hiyo ilikuwa na hekima: malipo makubwa ya fundi yalikuwa mwisho, kijana akiisha jua kazi, basi fundi hakuwa na faida ya kumficha ujuzi. Leo kijana hutupwa gereji bila maneno, akachemsha chai na kununua sigara za mafundi miaka miwili, na siku ya kufungua injini atumwa dukani. Twashauri yaandikwe, hata kwa karatasi moja: atafunzwa nini mwaka wa kwanza, nini wa pili, atapewa posho gani, na lini atafanya mtihani wa ufundi wa NITA. Mtihani huo huanzia Daraja la III ukapanda hadi la I, na haumbagui aliyejifunzia kazini. Cheti hicho ndicho kitakachomtafautisha atakapoomba kazi ya mkataba bandarini au hotelini, au akitaka kusafiri Ghuba; maana huko asiye na cheti, hata awe fundi namna gani, aweza kujikuta apewa ufagio.

Kumjua fundi mwema si vigumu. Nenda kwake bila taarifa. Tazama vyombo vyake vimewekwaje jioni. Waulize wateja wake kama hutimiza siku aliyotaja, khasa wiki ya mwisho ya Ramadhani, ambayo ndiyo mizani ya washonaji wote. Na watafute wanagenzi wake wa zamani: wakiwa wamefungua kazi zao na bado wamtembelea, hapo mpeleke mwanao. Wakiwa hakuna hata mmoja aliyesimama peke yake, shukuru, uage, uende kwingine.

Lililobaki ni vyombo. Usimnunulie kijana sanduku zima siku ya kwanza. Lazima nusu yake vitapotea na nusu hatavijua. Mpe vitatu au vinne vya kuanzia, vizuri, visivyo vya bei ya chini kabisa. Mwashi: mwiko, timazi na pima maji. Wa umeme: bisibisi zenye kinga, koleo, na kipimo cha umeme cha kuaminika. Kila baada ya miezi sita, fundi wake akisema amekua, mwongezee kimoja, na yeye mwenyewe akiongeze kimoja kwa posho yake.